Kondoo Tisa Ukutani

Delwyn hakulala hotelini. Hoteli, alisema, ni za watu wasio na macho. Katika wiki mbili za kuzunguka kusini mwa New Zealand alikuwa amemlaza mumewe, Royce, ndani ya behewa la treni lililogeuzwa chumba cha wageni, ndani ya tangi la nafaka, na ndani ya kanisa kuukuu ambalo baridi yake ingemwamsha maiti. Royce alilipa, akaumwa kiuno, akabeba mizigo. Mume mwenye siri huwa mpole.

Siri yenyewe ni kwamba kwa miaka thelathini alikuwa amemwambia mkewe kuwa yeye ni mtoto wa mwenye shamba, kondoo elfu nne. Shambani alikulia kweli. Ila mama yake alikuwa mpishi wa kikosi cha wakata manyoya ya kondoo.

Tangazo la safari hii lilisema "kibanda chenye roho yake". Gari lilipovuka daraja la mbao, Royce akapatambua. Kibanda chenyewe kilikuwa bweni lile lile la wakata manyoya la shamba alikokulia, vitanda vile vile vya chuma, ila sasa vimetandikwa ngozi ya kondoo na bei imepanda. Alisema kichwa kinamuuma, warudi mjini. Delwyn alimwambia avute hewa safi.

Mwenyeji wao, Jocelyn, aliwapeleka moja kwa moja kwenye ukuta wa banda la kukatia manyoya. Kila mkata manyoya huandika hapo jina lake na idadi ya kondoo aliowamaliza kwa siku, na hakuna mwenye shamba anayethubutu kuupaka rangi. Akawasomea kwa fahari: mia tatu na kumi, mia mbili themanini.

"Na huyu hapa ndiye kipenzi cha wageni."

Delwyn aliinama akasoma. *Royce Tamblyn, kondoo tisa.* Chini yake, kwa mwandiko mwingine: *Kisha akaenda jikoni kumlilia mama yake.*

Royce aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Ni wewe huyu?" mkewe akauliza.

"Ndimi. Baba hakuwa na shamba, Del. Hakuwa hata na mbwa."

Alingoja kuitwa mwongo, maana ndivyo alivyokuwa. Delwyn alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

"Miaka thelathini," alisema, "umenificha kitu pekee cha kuvutia ulicho nacho."

Akatoa simu, akamsimamisha kando ya jina lake, akamkataza kutabasamu. Jocelyn naye akauliza kwa adabu kama bwana angeweza kubaki hadi Jumapili. Kuna wageni wengine wanakuja, na kama haitamsumbua, alie kidogo.