Liki za Matty Proudlock

Hilda Proudlock alikuwa akichota maji shambani kwa sufuria ya kuchemshia mayai. Anachota, anajaza ndoo, anaibeba ndoo mpaka njiani, anamwaga, anarudi. Akirudi anakuta mtaro umeshajaa tena. Kofia ya mumewe ilimfunika mpaka kwenye nyusi, na gambuti za mumewe zilimcheza miguuni kwa ukubwa. Norman Heslop, jirani wa kipande cha pili, alisimama mlangoni mwa banda lake akimtazama mpaka chai ikampoa mkononi.

"Utachoka bure, Hilda!" akapaza sauti. "Hayo maji yanatoka chini, si juu tu!"

"Nimeshachoka," Hilda akajibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana naharakisha."

Mvua ilikuwa imeanza Oktoba na sasa ni Januari, na jamani, kama kuna mtu aliyeiona ikikatika siku mbili mfululizo, basi mtu huyo hakai Hagdale. Udongo wa kule ni mfinyanzi mtupu. Ukitia sepeto, linang'ang'aniwa. Ukilivuta, linatoka na kipande kizito kama jiwe la kusagia, na shimo linajaa maji hapo hapo ukiangalia. Ukitembea hatua chache unarefuka, matope yamekuganda chini ya buti. Kibiriti hakiwaki. Takataka za kuchoma zinatoa moshi tu na kukutia kikohozi. Njiwa peke yao ndio wenye raha, wanakula kabichi za watu mchana kweupe.

Watu wengine wote walikuwa wamejifungia mabandani wakifanya kazi za majira ya baridi za mtu mwenye akili: kuosha vyungu, kunoa visu, kugombana kuhusu mpira. Hilda alikuwa nje. Tena mwanamke yule, mpaka Oktoba ile, hakuwahi kuvuka geti la bustani ya mumewe isipokuwa kuleta sandwichi. Matty hakutaka. Alisema wanawake wanakanyaga.

Mgodi wa makaa wa Hagdale ulifungwa siku nyingi, lakini liki zimebaki, vile vitunguu virefu vyenye shina jeupe, na usifanye mchezo na liki kule Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Hizo si za supu. Ni liki nene kama paja la mtoto mchanga, watu wanazilea mwaka mzima kwa ajili ya mashindano ya Septemba kwenye klabu ya kijiji. Mwanamume wa Hagdale atakuazima gari lake, atakuja kukupakia rangi nyumba yako bila kudai hata asante, lakini miche ya liki zake hakupi ng'o. Ukoo wa liki unarithiwa. Matty aliupata kwa babu yake, na akaulinda kwa kufuli mbili na mbwa.

Sasa Matty alikuwa kitini sebuleni, kiharusi kimemchukua upande wa kulia na nusu ya maneno yake. Shambani alikuwa ameacha liki tano, zile bora kuliko zote, ambazo watu wa kule huziita mama. Mama hukaa ardhini majira yote ya baridi. Kiangazi hutoa kichwa kirefu, na juu ya kichwa huota watoto wembamba kama nyasi, wanaofanana na mama yao kwa kila kitu. Watoto wa mwaka uliopita walikuwa bandani wakingoja kupandikizwa Matty alipoanguka. Paa likavuja, wakaoza kabla mtu hajawakumbuka. Kwa hiyo walibaki mama watano ndani ya mtaro uliojaa maji, na wakifa hao, ukoo wa babu umekwisha.

Hivyo ndivyo Hilda alivyojua, na ndivyo Hagdale nzima ilivyojua.

Norman alijua zaidi. Ndani ya banda lake la vioo, chini ya taa, mlikuwa na vyungu vya liki changa za kijani safi, na liki zile zilikuwa za Matty. Aliziiba. Tena aliziiba siku mbaya kuliko zote, siku Matty alipokuwa akimzika mama yake. Kijiji kizima kilikuwa kanisani; Norman akapitia nyuma ya reli, akampa mbwa soseji, akang'oa kishungi cha nyasi kichwani mwa liki, akakitia ndani ya soksi. Kisha akaenda matangani akala keki. Miaka iliyofuata alichukua kombe la klabu mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na kila alipoulizwa, alisema ukoo ule ni wa mjomba wake wa Bedlington. Norman hana mjomba Bedlington. Hana mjomba popote.

Basi unaelewa kwa nini chai ilimpoa.

"Nikuletee mbao?" akauliza siku ya pili, amesimama ng'ambo ya uzio. "Ukisimama juu ya mbao hutaushindilia udongo."

Hilda alimtazama kwa macho mekundu ya baridi. "Mbao nitachukua. Lakini usivuke. Matty kasema hata nikifa humu ndani, Norman Heslop asisogelee liki."

"Kasema hivyo?"

"Ilimchukua dakika nzima kulitamka jina lako, lakini alilimaliza."

Norman alicheka, kisha akaenda kuleta mbao.

Akawa anamtazama kila siku, na kadiri alivyomtazama ndivyo alivyomvulia kofia moyoni. Yule mwanamke hakujua kitu, na hakuona haya kuuliza. Aliuliza kwa nini samadi isiguse shina. Aliuliza mtaro wa kutolea maji uelekee wapi. Ukimjibu leo, kesho umekuta ameshafanya, tena vizuri kuliko ulivyomwambia. Alichimba mfereji kutoka kwa wale mama mpaka kwenye kijito kilichopita chini ya bustani, peke yake, kwa sepeto lililomfika kifuani. Kuta zikamporomokea. Akachimba upya, akazitegemeza kwa milango ya kabati la jikoni lililovunjika. Alipanda juu ya paa la banda kwenye upepo akapigilia turubai, huku wanaume wazima wakimchungulia madirishani na kuambiana, "Atavunjika kiuno yule," na hakuna aliyetoka. Norman alitoka. Alishika ngazi, upande wa njiani, asivuke.

"Kwa nini unajitesa hivi, bibie?" akamuuliza siku ile. "Ni liki tu."

Hilda alikuwa na misumari mdomoni. Akaitema kiganjani.

"Kila jioni ananiuliza, 'Mama?' Neno hilo moja. Nikimwambia wazima, anakula. Siku nilipochelewa kurudi, hakula kitu, alikuwa anatazama mlango tu. Daktari ana vidonge vyake, Norman. Mimi nina liki."

Norman akashika ngazi kwa mikono miwili na kuangalia chini.

Katikati ya Februari kijito kikafurika. Mfereji wa Hilda, ule aliouchimba kwa jasho ili utoe maji, sasa ukayaleta. Maji yalipanda kwa njia ile ile yaliyotakiwa kushukia, yakakaa kwenye tuta la mama wiki nzima. Yalipopungua, Norman alimwona Hilda amepiga magoti juu ya mbao, ameshika liki ya kwanza shingoni. Aliivuta taratibu. Ikaja juu bila ubishi, na hapo Norman akajua, kwa sababu liki hai hukushindania. Chini ilikuwa uji wa kijivu. Harufu ikafika hadi ng'ambo ya uzio.

Akaijaribu ya pili, na ya tatu. Zote tano.

Hakulia. Aligeuza ndoo, akaikalia, akaiweka mikono yake yenye matope juu ya magoti.

"Nilichimba mimi mwenyewe," akasema. "Nimeyachimbia maji njia yakaja kuziua."

"Hapana, Hilda. Yangekuja tu. Hata Matty mwenyewe asingeyazuia."

"Nitanunua nyingine sokoni. Nitazipanda palepale nimpigie picha."

"Atajua kabla hujamaliza kumwonyesha."

"Sasa nimwambie nini? Enhe, wewe mwenye makombe, nimwambie nini?"

Norman akageukia upande wa banda lake. Akasema ameacha jiko linawaka, akaondoka. Ndiyo, aliondoka, akamwacha yule mama amekaa kwenye ndoo chini ya manyunyu. Alijifungia katika banda lake la vioo na kuzitazama zile liki changa. Angeweza kukaa kimya. Nani angejua? Mwezi wa tisa angebeba kombe tena, watu wangempigia makofi, na picha yake ingebaki ukutani klabuni, amevaa tai. Akisema, picha itashuka. Watu wa Hagdale wamewahi kusamehe waliovunja mgomo wa mgodini, tena si wengi. Mwizi wa liki hawajamsamehe bado. Hakuna atakayekaa naye meza moja.

Kisha akamfikiria Hilda juu ya paa, misumari mdomoni. Mwanamke ambaye hakuwahi kushinda hata bahati nasibu ya kanisani, amesimama kwenye mvua ile miezi minne kwa ajili ya neno moja la jioni. Norman akajiona mdogo, akaona aibu, aibu ya kweli ile inayowasha masikio. Akachukua kreti.

Alipofika, Hilda bado alikuwa pale. Norman akavuka uzio. Akaweka kreti ya vyungu juu ya mbao mbele yake.

"Za Matty hizi," akasema.

"Za mjomba wako."

"Sina mjomba. Niliiba, siku ya maziko ya mama mkwe wako. Nilimpa mbwa soseji."

Hilda alizitazama liki. Akamtazama yeye. Akasimama, akamvua Norman kofia kwa kibao kimoja ikaangukia matopeni, kisha akampiga tena begani, na mara ya tatu mkono ukamwishia nguvu akamshika koti ili asianguke.

"Mbwa yule alitapika siku mbili!" akafoka. "Tulidhani amepewa sumu!" Na hapo ndipo alipolia.

Norman akasimama kama alivyo, mvua inampiga kwenye upara.

"Beba," Hilda akasema alipomaliza, akijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Utabeba mwenyewe, na utamwambia mwenyewe. Na hizo buti utavua mlangoni."

Matty alikuwa dirishani, blanketi magotini. Alipomwona Norman anaingia na soksi zake zilizotoboka, jicho lake zima likakaza.

"Mama?" akamuuliza mkewe.

"Wamekufa, Matty," Hilda akasema. Sauti haikumtetemeka, na Norman akazidi kumstaajabia. "Wote watano. Maji yamewaua. Lakini msikilize huyu."

Norman akasema. Alisema yote, maziko na soksi na keki na makombe, akiutazama mkeka. Hilda alichukua chungu kimoja akakiweka kwenye mkono wa kushoto wa mumewe.

Matty hakumtazama Norman. Alikiinua chungu hadi kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba kwenye jani, kutoka chini hadi ncha, polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto wake gizani. Akalinusa. Midomo yake ikaanza kutafuta, na wote wawili wakangoja.

"Sa... samadi," akasema. "Nyingi mno."

"Ndiyo," Norman akajibu kwa sauti ndogo. "Huwa nazidisha."

"Mjinga."

"Ndiyo, Matty."

Matty akavihesabu vyungu kwa jicho. Akatazama nje, mvua ilikuwa imeanza tena, inapiga kioo. Akatazama matope yaliyopanda hadi kwenye viwiko vya mkewe, na hayo aliyatazama muda mrefu kuliko vyungu. Kisha akaanza kuhangaika na maneno, uso umemwiva, mate yanamtoka pembeni ya mdomo, na Hilda alipotaka kumsaidia alitikisa kichwa kwa hasira. Alitaka kuyasema mwenyewe.

"Nusu," akamwambia Norman. "Rudi nazo. Kwetu... maji. Zisife... zote."