Boga la Kuondoa Matanga

Asubuhi ya kuondoa matanga, Viviane alitandika mkeka nyuma ya nyumba yake ya mtaani Kataki, akaliviringisha boga mpaka juu yake. Vipande vingechemshwa na karanga za kutwanga, mbegu zingekaangwa, majani yangepikwa na ndagala, dagaa wa ziwani. Ganda lingekauka liwe chombo cha unga.

Alipolipasua kwa panga, alikuta ndani redio ya marehemu mumewe Damien, godoro lao, na cherehani yake mwenyewe. Vyote hivyo shemeji zake walivibeba mara tu baada ya maziko. Redio na godoro angeweza kuvisahau. Cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

"Mama Viviane, godoro inapikwa namna gani?" jirani yake Martine aliuliza.

"Sijui. Tutoe mbegu kwanza."

Walizikwangua mbegu kwenye gurudumu la cherehani kwa kijiko. Viviane alijaribu kushona pindo la kitenge. Ilishona vizuri, ila uzi mweupe ulitoka wa manjano.

Mchana walifika Pontien, kaka mkubwa wa Damien, na dada yao Clémence. Walikula, wakasifu karanga. Kisha Pontien akaiona cherehani.

"Imetoka mu boga?"

"Ndiyo."

"Na boga imeota wapi?"

"Hapa mu lupango," Viviane alisema, akionyesha kiwanja cha nyumba.

"Lupango njo ya mudogo wangu. Basi ni yetu."

Clémence hakuelewa. "Lakini ile ya kwetu nilifungia mu chumba na ufunguo."

"Ilitoka. Tunairudisha."

"Niliinunua mbele ya kuolewa," Viviane alisema. "Hata jina ya Damien sikukuwa najua."

Pontien alijitwika cherehani. Clémence alikunja godoro, akaning'iniza redio begani. Walipofika mlangoni mwa ua walisimama, kwa sababu katika ukoo wao mtu haondoki matangani akiacha ugomvi nyuma, na Viviane alikuwa amemjibu mkubwa wa ukoo mbele ya chakula cha marehemu.

Jua lilikuwa kali. Maji ya boga kutoka kwenye cherehani yalimtiririka Pontien shingoni, yakaingia ndani ya shati.

"Shemeji, omba musamaha tuende."

Viviane alikuwa akikwangua ukoko wa sufuria.

"Shemeji, hii kitu ni nzito."

"Naijua uzito yake."

"Basi omba."

"Ubebe uende, ao uweke chini," Viviane alisema. "Mimi siombi."