Mama wa Saa Kumi

Sheria waliitunga wenyewe wawili, mama na mwanawe, wakinywa chai mezani, na waliicheka sana. Ndani ya geti la shule mimi si mama yako, mimi ni Mwalimu. Huniiti Mama, hunishiki mkono, hunililii. Kengele ya saa kumi ikilia tunatoka, na tukifika pale kwenye duka la fotokopi, hapo nakuwa mama yako tena.

"Na mimi?" akauliza mtoto.

"Na wewe hapo unakuwa Kasuku wangu."

Kasuku lilikuwa jina la nyumbani, na hakuna aliyeuliza sababu. Mtoto yule alikuwa na mdomo, jamani! Alianza kuongea asubuhi akitafuta kandambili uvunguni, na usingizi ulimpitia bado hajamaliza. Baba yake alifariki yeye angali ananyonya, kwa hiyo maneno yote hayo yaliishia kwa mtu mmoja tu, mama yake, ambaye hakuyachoka hata siku moja.

Wala usimlaumu mapema huyu mwanamke. Shule ilikuwa ya binafsi, ya kutwa, zile za tai shingoni na mabasi ya kufuata watoto mlangoni, na mwanawe alipata nafasi kwa sababu yeye mama anafundisha pale. Nafasi ya kupewa unaijua ilivyo: unaikalia upande. Hata mwezi haukuisha, mzazi mmoja, mama fulani wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, akaenda kwa mkurugenzi kulalamika kwamba mtoto wa mwalimu anapewa majibu nyumbani. Mkurugenzi akamwita Mwalimu ofisini, akafunga mlango. "Neno hili nisilisikie tena," akasema. "Nikilisikia, mtoto atafute shule nyingine." Mwalimu akatoka mle ndani ameshaapa moyoni kwamba hakuna atakayepata la kusema.

Na kweli hawakupata. Kasuku alikuwa darasa la tatu, chumba cha mwisho kule verandani, darasa la mama yake mwenyewe. Siku walipojifunza kusoma saa, Mwalimu alileta saa aliyoikata kwenye kadibodi, na ni Kasuku aliyemsaidia kuibandika mishale usiku uliopita. Darasani mkono wa Kasuku ulikuwa juu tangu swali la kwanza, mtoto anakaribia kusimama juu ya dawati, na Mwalimu akamruka, akamruka, mpaka kipindi kikaisha. Akikosea alifokewa kuliko wenzake. Akipata, aliambiwa kaa chini. Kwenye mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi wengine walikuwa wafalme na simba, yeye akapewa kuwa mti.

"Lakini nilikuwa mti mzuri, Mama," alisema siku hiyo. "Nzi alinitua puani sikutikisika!"

Hilo alilisema pale kwenye duka la fotokopi, maana hapo ndipo alipofunguliwa. Kila jioni alitembea nyuma ya mama yake kimya, mwanafunzi na mwalimu wake. Wakifika dukani, begi analitupa kwa mama, mwenyewe anamrukia kiunoni: "Mama!" Ungedhani wamepotezana mwaka mzima. Mwenye duka, mtu wa utani, alikuwa haachi kuchokoza. "Ehee, Mama kafika! Mwalimu umemwacha wapi?"

"Nimemfungia stoo," anajibu Mwalimu. Wanacheka wote watatu, kisha mama na mwanawe wanashika njia, Kasuku anamwaga habari za siku nzima bila kupumua.

Mambo yaliharibika mchana mmoja, saa ya mapumziko. Zamu ya uwanjani ilikuwa ya Mwalimu. Watoto walikuwa wanafukuzana, na pale kwenye kona ya madarasa Kasuku akagongana na mtoto wa yule mama wa miwani. Wakaanguka wote kwenye ngazi za saruji, puu! Mtoto wa watu akapiga ukelele wa kukusanya mtaa. Kasuku hakutoa sauti.

Mwalimu akaja mbio, roho mkononi, na Mungu ni shahidi, miguu ilikuwa inampeleka kwa mwanawe. Halafu akaona macho. Walimu wenzake verandani, mpishi mlangoni, mkurugenzi dirishani. Akageuka. Akapiga magoti kwa mtoto wa watu, ambaye alikuwa amechubuka goti, akalisafisha, akalipuliza. "Pole mwanangu, pole," akambembeleza. Mwanangu! Ndivyo alivyomwita.

Nyuma yake ikasikika sauti ndogo. "Samahani, Mwalimu."

"Subiri zamu yako."

Na mtoto akasubiri. Alikaa pale kwenye ngazi ameupakata mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, midomo imekauka, akangoja mpaka goti la mwenzake likafungwa bandeji na mwenzake akapewa peremende. Mwalimu alipogeuka ndipo alipouona ule mkono. Ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Mwalimu na Kasuku walipelekwa hospitali na basi la shule. Daktari alikuwa kijana mpole, wa wale wanaozungumza na mtoto badala ya kuzungumza juu ya kichwa chake. "Pole sana, bibie. Mfupa huu nataka niurudishe mahali pake, utauma kidogo. Umekuja na nani?"

"Na Mwalimu."

Mwalimu alikuwa amesimama hapo hapo, kitambulisho cha shule kinaning'inia shingoni.

"Na mama yuko wapi, aje akushike?"

Kasuku akaitazama saa ya ukutani. Aliisoma taratibu, mshale mfupi kwanza, halafu mrefu, vile vile alivyofundishwa. "Mama bado," akasema. "Mama ni saa kumi."

Daktari akadhani mama yuko kazini. "Tumngoje?"

"Hapana. Nitavumilia."

Ewe Mola! Mwalimu akajisogeza mbele ya daktari. "Mimi ndiye mama yake." Daktari akamtazama yeye, akamtazama mtoto, hajui amwamini nani. Mtoto akainamisha kichwa, hakukubali wala hakukataa. Mama akaudaka ule mkono wake mzima, akaukamata kwa nguvu zake zote, na vile vidole vidogo vikabaki vimelegea tu. Mfupa ukarudishwa. Kasuku hakulia.

Jioni ile mama alilia kwa wote wawili. "Niite Mama popote," alimwambia. "Darasani, mstarini, juu ya paa la shule ukitaka. Wakitufukuza watufukuze!"

"Ndiyo," akasema mtoto. Na asubuhi yake akavuka geti, akasema shikamoo Mwalimu.

Mkono uliunga vizuri, plasta ikatolewa. Mdomo ndio haukurudi. Alijibu alichoulizwa, akanyamaza. Dukani hakumrukia mtu tena, alikabidhi begi kwa adabu na kuendelea kutembea, mpaka hata mwenye duka akapunguza utani wake.

Likizo ilipofika alikuja shangazi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani wa mji mwingine, kumjulia hali mtoto. Siku moja Mwalimu alikuwa jikoni anaosha vyombo, akasikia sauti chumbani. Alikuwa Kasuku! Kasuku mwenyewe, anamwaga maneno, habari za mti, habari za nzi puani, na shangazi mtu hana mbavu kwa kicheko. Mwalimu akasimama na sufuria mkononi, anatabasamu peke yake, machozi yanamtoka. Hakujizuia, akaenda akafungua mlango.

Sauti ikakatika.

"Wifi, usinielewe vibaya," shangazi alisema kesho yake. "Mtoto ameomba twende naye. Akasome kule."

Mwalimu akamchuchumalia mwanawe. "Kwa nini, mama? Si nilikwambia uniite Mama wakati wowote?"

Kasuku alifikiri kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata mama yake maini. "Kule sitakuwa naangalia saa," akasema.

Alimruhusu. Alimfungia nguo mwenyewe, akamsuka, akamsindikiza mpaka stendi.

Shule zilipofunguliwa, mama wa miwani alimsimamisha getini. "Nasikia binti amehama! Alikuwa na adabu, wewe!" Mwalimu akamshukuru. Akaingia darasani, akafundisha. Akauliza swali, mikono ikanyooka, na akajikuta anaruka lile dawati la Kasuku la dirishani ingawa halikuwa na mtu.

Kengele ya saa kumi ikalia. Akatoka, akatembea, na alipofika kwenye duka la fotokopi akageuka kwa mazoea, mkono ameutanguliza kupokea begi.

Mwenye duka hakuwa na habari. Alimwona yeye tu, akafurahi, akajaribu tena utani wake wa zamani. "Ehee, Mama kafika! Mwalimu umemwacha wapi?"

"Ni Mwalimu huyu," akasema. "Leo nimekuja Mwalimu peke yangu."

Akakaa chini pale pale mlangoni mwa duka, akalia kwa sauti, na wazazi na watoto wa shule nzima wakipita wanamtazama.