Maulizo Mbele, Bukari Kisha

Mfuko wa unga ndio ulioniamsha. Kulikuwa bado giza, na mjukuu wangu Léa alikuwa akiukung'uta juu ya sufuria, pa, pa, polepole, ili nisijue kwamba umeisha.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa uporaji, askari walipopora mji. Maduka ya Lubumbashi yalikuwa wazi bila kitu ndani. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa, na sasa kilitangazwa kufungwa tena Jumamosi mchana. Léa alisomea udaktari. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kupima ni nini kinachomvuta mwanafunzi achague upasuaji, au tiba ya watoto, au maabara. Asipoipeleka kabla ya hapo, mwaka wake ungepotea kama ule uliotangulia.

Basi siku hiyo aliwaita wenzake kwetu, mtaa wa Kamalondo. Kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajanawa na kula, kwa hiyo Léa aliwapikia bukari, ndio ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Nilimwona mmoja wao, Godefroid, akimega matonge madogo ili wengine wapate. Kisha wakajaza karatasi zao za maswali, wakashukuru, wakaenda. Godefroid peke yake alibaki kunioshea sahani.

Léa alisoma karatasi, kisha akanigeukia. Kambo ndivyo wajukuu wanavyotuita wazee wao.

"Kambo, bote bameandika watoto. Bote! Sababu ni ile ile: wito."

"Si kazi nzuri?"

"Ni kazi *yangu*. Banajua minapenda watoto."

Godefroid akacheka, mikono ikiwa bado majini. "Weye Léa! Muntu anakula unga yako ya mwisho, kisha akuambie hapendi kazi yako? Hata chumvi ilikosa, hakuna mwenye alisema!"

"Na weye unataka nini kweli?"

"Uniulize kesho kwetu, mbele ya kula. Na njala."

Léa hakulia. Alizigeuza zile karatasi, akachora mistari upya upande mweupe.

Kesho yake tulitoka pamoja, maana askari walijaa njiani na sikutaka aende peke yake. Kila nyumba ilitaka kutupikia. Kila mahali Léa alisema, "Aksanti mama, maulizo mbele." Mama mmoja alinuna kabisa. Lakini majibu yalitoka. Godefroid alitaka upasuaji kwa ajili ya mguu wa baba yake. Stanislas alitaka kazi yoyote itakayompitisha mpakani Sakania aingie Zambia, kwani huku daktari halipwi. Léa aliandika yote bila kukunja uso.

Ijumaa jioni tulifika mtaa wa Katuba, kwa Marceline, wa mwisho. Léa akamuuliza anataka kazi gani.

"Maabara," akasema. "Kwenu niliandika watoto kwa haya. Siku ya uporaji nilimushikia mama mumoja taa, alikuwa anazaa. Mafuta ikaisha. Sitaki tena muntu akufe mu mikono yangu."

Léa aliandika neno moja, kisha akaweka kalamu chini na kuushika mkono wa Marceline.

"Maulizo imeisha?" Marceline akauliza.

"Imeisha. Kesho asubuhi ninapeleka."

Giza lilikuwa likiingia, hatukuweza kukaa. Marceline alitufungia viazi vitamu katika kitambaa, akatusindikiza mpaka barabarani.

"Kambo, murudie tena na Léa," akasema. "Ile siku musilete karatasi. Mulete njala."