Karakana Iliyokuwa ya Leonard

Judith alipofika karakana ya mtaa wa Kihonda, Mansuri alisimama haraka kama mtu aliyefumaniwa. "Karibu, shemeji," alisema, akafuta vumbi kwenye benchi.

Karakana ile ilikuwa ya Leonard, mume wa Judith. Ni Leonard aliyemfundisha Mansuri kuchomelea vyuma humohumo, tangu hajaota ndevu. Mwaka uliopita jiwe la grinda ya kukatia vyuma lilipasuka mikononi mwa Leonard, vipande vikamwingia macho yote mawili. Sasa mashine zilikuwa chini ya Mansuri, na Judith, mama mtu mzima aliyekuwa akiuza ndizi za Matombo sokoni, alikuja kujifunza ufundi.

"Fundi amekubali?" Mansuri aliuliza.

"Hakukataa."

Ukweli ni kwamba Leonard alipoambiwa, aligeukia ukutani tu.

Wiki za mwanzo Judith alisugua kutu kwa msasa, akafagia, akashikilia vyuma mafundi wengine wakichomelea. Wateja walidhani ndiye mama ntilie. Kisha Mansuri akampa kinyago cha kukinga uso, akamwekea kijiti cha kuchomelea kwenye koleo. Mshono wake wa kwanza ulitoka mabonge mabonge, kama kinyesi cha kuku. Aliuchukua nyumbani, akamwekea Leonard mkononi.

Leonard aliupapasa kwa muda mrefu. "Hapa umetoboa. Mkono wako unaogopa," alisema. "Usikilize moto. Ukilia kama mafuta yanayokaanga samaki, uko sawa. Ukilia vingine, acha."

Tangu ajali hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Ikawa kila jioni Judith analeta kipande cha chuma, na Leonard anamngoja mlangoni.

Siku moja ya mvua, ukungu umeshuka kutoka milimani mpaka kwenye mabati, Judith aliinua kinyago mapema ili aone vizuri. Akarudia tena na tena. Hakuhisi kitu. Jioni, akisonga ugali, macho yakaanza kuwaka kana kwamba yamejaa mchanga. Akapapasa meza, akaangusha bakuli.

Leonard alisimama. "Umeangalia moto."

"Kidogo tu."

"Kaa chini."

Alifuata ukuta hadi jikoni, akatafuta kiazi, akakikata kwa kupapasa, akamwekea vipande juu ya kope. "Hii itapona. Lakini karakanani hurudi."

"Nitarudi, mume wangu."

"Mimi sioni, na wewe usione. Nani atamshika mwenzake mkono?"

"Nisiporudi, nani atamlisha mwenzake?"

Leonard alibadilisha vipande vya kiazi.

Macho yalipotulia, Judith alirudi kazini. Jioni ya siku hiyo alikuta mlango wa nyumbani una kufuli. Jirani yao Nasra akamletea ufunguo. "Shemeji yako Gervas alikuja na bajaji," alisema. "Amempeleka mumeo kwa mama yao, kijijini Mlali. Mwenyewe ndiye aliyeomba."

Jumapili Judith aliwafuata. Alimwamkia mama mkwe, kisha akaketi karibu na Leonard, aliyekuwa uani akipukuchua mahindi.

"Turudi nyumbani."

"Ukitoka asubuhi nakaa nasikiliza," Leonard alisema. "Kila bodaboda ikisimama nje, najua wamekuleta umeumia. Siwezi tena, Judith."

"Na huku husikilizi?"

"Huku sikungoji."

Mama mkwe aliinuka, akaenda kuchochea moto ambao haukuwa umefifia. Judith alisaidia kupukuchua hadi jua lilipoanza kushuka. Alipoaga, Leonard alimshika vidole, akagusa makovu ya cheche moja baada ya jingine, kisha akaviachia.

Kesho yake Mansuri alimkabidhi geti la kuchomelea peke yake. Alishinda nalo kutwa nzima, mvua ikipiga mabati.

"Limekaa vizuri," Mansuri alisema walipolisimamisha. "Sasa wewe ni fundi, shemeji."

Judith alishukuru. Mansuri alipofunga mashine na wenzake wakaaga, Judith alibaki ameketi juu ya debe, akiangalia barabara yenye matope. Nyumbani hakukuwa na mtu.