Mgeni wa Bi Sushila

Bi Sushila hakuwa na mpangaji. Muulize yeyote mtaani kwao, pale Ilford kwa Waingereza, atakwambia hivyo hivyo, maana ndivyo alivyoambiwa: yule Mkenya anayekaa chumba cha juu ni mgeni. Mgeni gani anakaa miaka mitatu, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Jedidah mwenyewe alishauzoea ugeni wake. Kila mwisho wa mwezi, Bi Sushila akiwa bafuni, aliteremka jikoni, akafungua kopo la dengu, akatumbukiza noti zake, akafunika. Bi Sushila akitoka kuoga husema tu, "Leo nadhani nipike dengu," na mambo yamekwisha. Hakuna mkataba, hakuna risiti. Mjane huyu alikuwa na watoto wawili wa kiume wenye kazi nzuri, mmoja Toronto, mwingine Surrey, na mama mwenye watoto kama hao akipangisha chumba, watu watasema wamemtupa. Alitoka Unguja msichana mdogo, baada ya Mapinduzi, na sanduku moja na heshima ya baba yake. Sanduku lilishaoza siku nyingi. Heshima alikuwa bado anaipiga pasi kila asubuhi.

Basi yalikwenda hivyo mpaka ile nyumba ya kulea wazee alikofanya kazi Jedidah ilipofungwa. Akaomba benefiti, ile pesa ya serikali kwa wasio na kazi. Pesa ya kula alipewa bila maneno mengi, ila ya kodi ya chumba ikaleta taabu. Mkataba hana, benki haionyeshi kitu. Ofisi ikasema itamtuma mtu aje kuzungumza na mwenye nyumba. Akikataliwa, Jedidah atahamia Barking, akalale kwenye kochi la binamu yake mwenye watoto wanne na mbwa mmoja asiyejua adabu. Wazo hilo lilimtia huzuni kuliko kukosa kazi. Aliipenda nyumba ile. Alimpenda yule bibi, tusizunguke.

"Mama Sushila," alimwambia, "akikuja, sema tu ukweli. Mimi ni tenant wako, nalipa rent. Ni hayo tu."

"Hilo tu, mwanangu? Mwache aje. Pilipili anakula huyo?"

Siku ya siku, Bi Sushila aliamkia kwenye karai. Afisa alipofika, mama wa makamo mwenye koti la mvua, alikuta bhajia, chatini na chai ya maziwa mezani, akaonekana kama mtu aliyekosea nyumba. Kabla hajakaa vizuri, kengele ikalia tena. Alikuwa Champa, dada wa marehemu mume wa Bi Sushila, kaja na treni kutoka Harrow bila kupiga simu, kama kawaida yake. Ukitaka jambo liwafikie jamaa wa Leicester kabla ya magharibi, mwambie Champa. Akavuta kiti, akachukua bhajia, akatega masikio yote mawili.

"Kwa hiyo Jedidah ni mpangaji wako?" afisa aliuliza kwa Kiingereza.

Bi Sushila akamtazama wifi yake. Kisha akatabasamu.

"Mpangaji? Hapana, hapana. Mgeni wetu huyu. Chukua bhajia."

"Halipi chochote?"

"Mgeni analipa? Wapi umeona?"

Afisa akaweka kalamu chini. Akaeleza, bila ubaya, kwamba kama hakuna kodi inayolipwa, basi hakuna kodi ya kusaidia, na suala litafungwa.

Kopo lilikuwa pale rafuni, Jedidah angeweza kulinyooshea kidole. Lakini amvue nguo bibi wa watu mbele ya wifi yake? Alimkasirikia Bi Sushila, akamkasirikia Champa anavyotafuna, akajikasirikia mwenyewe kwa malezi mema aliyopewa. Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili, "Ni sawa, Mama. Wacha nipange vitu. Nitaenda kwa cousin yangu Barking."

"Barking kufanya nini?"

"Kukaa. Bila hiyo pesa siwezi kubaki hapa."

Bi Sushila hakuwa amelifikiria hilo kabisa. Kwake yeye alikuwa anamtetea Jedidah. Mpangaji anaweza kufukuzwa. Mgeni nani atamgusa? Alibaki ameshika sahani, macho yakimtoka. Afisa alikuwa tayari anafunga vifungo vya koti.

"Ngoja," Bi Sushila akamwambia, kwa sauti iliyozidi ukubwa wa jiko. "Ni mpangaji wangu. Miaka mitatu analipa. Pesa anaziweka kwenye kopo lile, mimi nazichukua. Wanangu hawaleti kitu. Hawaleti, na mimi siwaombi. Huyu ndiye anayenilipia gesi, na huyu ndiye anayeniuliza kama nimekula."

Champa akaacha kutafuna.

"Mbona mwanzo ulisema vingine?" afisa aliuliza.

"Mbele ya wifi yangu?" alijibu Bi Sushila.

Afisa akawatazama wote watatu, mmoja mmoja, akakaa tena. Aliuliza maswali yake, Bi Sushila akayajibu, akatia saini. "Inatosha," afisa akasema. "Nitaandika kwamba analipa." Akaondoka na bhajia zake ndani ya karatasi.

Bi Sushila akageukia sinki, akaanza kuosha vyombo visivyo vichafu. Jedidah alisimama karibu naye, akachukua kitambaa. Nyuma yao Champa aliinuka, akaenda kufunga mlango wa jiko, ingawa nyumbani hamkuwa na mtu mwingine.

"Sema, Champaben, dada yangu," Bi Sushila akamwambia bila kugeuka. "Yaseme yote leo."

Champa alipofungua kinywa aliongea Kiswahili, si lugha ya kwao, ili Jedidah asikie, na kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Huyu Jedidah hana mwenzake mtulivu, asiyepika nyama? Kwangu viko vyumba viwili vitupu. Mimi mwanangu hata simu hapigi."