Nyonga Iliyochelewa

Watu wa Mandawa walimjua Amri kwa ngoma ya mironjo, ile inayochezwa juu ya miti miwili mirefu iliyofungwa miguuni kwa kamba. Akisimama juu yake, kichwa chake kilipita mapaa ya nyumba. Akiwa chini alikuwa mkulima wa ufuta asiye na maneno mengi. Kule juu alitembea polepole, kama mtu anayevuka maji usingizini, na mlio wa ngoma ulimfikia kama unatoka kijiji kingine.

Maumivu yalianza mwaka wa 1951, nyuma ya pia ya goti la kulia. Hakuanguka wala hakugongwa na kitu. Yalikuja tu: akichuchumaa, akishuka mteremko wa mtoni, akikaa sana msikitini. Alipaka mafuta, akachanjwa chale kwa siri, asimwambie mtu nyumbani.

Mwaka uliofuata, kwenye ngoma ya baada ya mavuno kule Chunyu, goti lilimlegea akiwa juu. Aliona paa la nyasi likimjia taratibu, akaketi ukingoni mwake kama ndege. Watu walipiga vigelegele wakidhani ni mchezo mpya. Mkewe, Mwantumu, hakucheka. Alipenya katikati yao akaikumbatia ile miti yote miwili.

"Baba Zaina," alisema kwa sauti ya chini, "tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana."

"Na mimi nalala na wewe nyumba moja!"

Wiki hiyohiyo walipanda lori la kwenda Nachingwea. Njiani waliyapita matrekta ya mashamba ya karanga ya Waingereza, yaliyoachwa porini, nyasi zimeyafika shingoni, yametulia kama wanyama waliolala mchana. Mwantumu alisinzia begani kwa mumewe. Amri alihesabu mabonde kwa goti lake.

Kwenye zahanati ndogo ya misheni walimkuta dresa mmoja, Agapiti, aliyeuguza askari wakati wa vita. Hakulibonyeza goti sana. Alimwambia Amri ashuke ngazi ya baraza kwa mguu mmoja, polepole, kisha tena, na tena.

"Nipige sindano, Bwana Dresa," Amri alisema.

"Subiri kwanza. Unaona goti lako linavyokimbilia ndani, kulifuata lenzake?" Agapiti aliweka kiganja kimoja ubavuni mwa nyonga, kingine juu ya paja. "Shuka. Ahaa. Nyama ya nyonga ndiyo ingelishika paja lisipinde, lakini inachelewa. Na hapa pajani, nyama ya upande wa nje inavuta mapema, ya ndani inafuata baadaye. Pia ya goti inaburutwa upande kila hatua. Itaachaje kuuma?"

"Kwa hiyo mguu ni mbovu?"

"Si mbovu. Umelala. Mama, njoo uweke mkono hapa."

Mwantumu aliangalia kushoto na kulia. Kulikuwa na wagonjwa wengine barazani, na kumshika mume nyonga mbele za watu halikuwa jambo la kawaida. Alijifunika vizuri kanga yake, akaweka mkono.

"Umesikia inapoamka?"

"Sijasikia kitu."

"Basi hiyo ndiyo kazi yenu. Kila asubuhi, mpaka usikie."

Nyumbani, baada ya sala ya alfajiri, Amri alilala kwa ubavu wa kushoto mkekani kama dresa alivyowaonyesha, akauinua mguu wa kulia, kisigino kikiwa nyuma kidogo. Mwantumu aliketi nyuma yake, kiganja nyongani, macho ameyafumba. Ukungu uliingia mlangoni ukakaa nao.

"Bado," alisema. "Tena. Bado."

Siku zilifanana mpaka zikawa siku moja ndefu. Katika ukimya ule Amri alianza kusema. Alimweleza kuwa kule juu mikorosho inaonekana kama maji yaliyosimama. Kwamba nyuso za watu zikitazama juu zote zinakuwa za watoto. Kwamba alishawahi kumwona yeye Mwantumu kutoka kule, kabla hawajaoana, akitwanga uani kwao, na akapotea njia ya kurudi uwanjani.

"Miaka kumi na minane hukuniambia."

"Hukuniuliza ukiwa na mkono hapa."

Mwantumu alicheka, na chini ya kiganja chake nyama ikajikaza ghafla, imara, kabla mguu haujainuka.

"Sasa!" alisema. "Imeamka! Usiiache."

Baada ya hapo Amri alishuka kizingiti cha mlango mara ishirini kila siku, Mwantumu akilitazama goti lisikimbilie ndani. Kufikia kiangazi cha pili alishuka mteremko wa mtoni bila kushika kichaka.

Alipanda mironjo tena Nambambo, mifupi kuliko ile ya zamani. Alizunguka uwanja mara mbili, akapunga mikono, akahisi goti likinung'unika kidogo. Vijana walimtaka azunguke tena. Alikataa, akaegemea paa na kufungua kamba mwenyewe.

Walirudi kwa miguu, wakipumzika kila walipochoka. Kwenye kivuli cha mkorosho Mwantumu alimuuliza leo ameona nini kule juu.

"Leo nilikuwa natazama ninapokanyaga," Amri alisema. Alinyoosha miguu, akalala usingizi mzito, na Mwantumu akamfukuzia nzi kwa pindo la kanga mpaka jua lilipopoa.